Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Majibu yaliyotoka leba yarudi leba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Dodoma.

Nakala kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), kwa kuwa zahanati ziko mikononi mwake.

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni mkunga. Nimezalisha kwa miaka 23, karibu yote kwenye zahanati na vituo vya afya vya Kanda ya Ziwa, na kustaafu hakuko mbali. Barua nilizozoea kuandika ni za rufaa, mara nyingi usiku, simu nimeibana kwa kidevu ili nipate mwanga. Hii ni ya kwanza kumwandikia kiongozi. Nimeamua iwe ya wazi ili wakunga wenzangu na akina mama tunaowahudumia waisome pia, maana inawahusu wao kuliko inavyotuhusu mimi na wewe. Ni barua juu ya tafiti za afya ya uzazi walizoshiriki wao, na majibu yake ambayo bado hayajawafikia.

Nianze na usiku mmoja wa mwaka 2014. Kituo sitakitaja. Mzazi alikuwa na mimba ya nne. Saa tisa usiku akajifungua mtoto wa kiume, akalia vizuri. Nikamchoma mama oksitosini, dawa ya kubana mfuko wa uzazi, papo hapo, kondo likatoka zima, nikaligeuza na kulikagua pande zote mbili. Chini yake tulikuwa tumetandika mpira na khanga zake mbili, kama tulivyozoea. Damu nyingine ilinywewa na khanga, nyingine ikachuruzika kwenye beseni chini ya kitanda. Nikatazama kwa macho, nikaandika kwenye karatasi yake: mililita 300. Nikamwita mama mkwe alete uji. Kitambo kidogo mzazi akaniambia, “Sista, nasikia baridi.” Nikamfunika blanketi.

Hilo ndilo nisiloweza kulisahau, Mheshimiwa. Nilimfunika. Mtu anayeishiwa damu husikia baridi, na hilo nilifundishwa chuoni, lakini karatasi yangu ilisema 300 na nikaiamini karatasi kuliko mwili wake. Nilipomfunua, godoro lilikuwa limelowa. Tukakanda tumbo, tukaweka dripu mikono yote miwili, tukapiga simu ya gari. Alifia njiani, kabla gari halijaingia barabara ya lami. Asubuhi tulizipima zile khanga kwenye mizani ya watoto, tukatoa uzito wa khanga kavu, tukaongeza na damu ya kwenye beseni. Ilizidi lita moja na nusu.

Kwa miaka mingi niliamini kosa lilikuwa la macho yangu peke yangu. Kisha mwezi Mei 2023 yakatoka matokeo ya utafiti unaoitwa E-MOTIVE, na ndipo nilipojua kwamba macho ya wakunga wote ni kama yangu. Utafiti huo ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake 210,132 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kwenye hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani, mzazi aliyetokwa na damu nyingi alitambuliwa mara 51 tu kati ya 100. Karibu nusu walikuwa wanavuja damu na aliyesimama kando yao hajui. Niliposoma namba hiyo niliweka karatasi chini nikatoka nje kwanza.

Walichofanya kwenye hospitali nyingine ni jambo ambalo fundi cherehani wa mjini angelielewa. Mtoto akishatoka, mzazi anatandikiwa chini ya makalio mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, wenye mistari ya vipimo kama jagi la maziwa. Damu inaingia humo, na mkunga anasoma. Ikifika mstari wa 300 huku mapigo au presha vimeanza kubadilika, au ikifika 500 hata kama mama anacheka, mambo yote yanafanywa kwa pamoja, bila kusubiriana: kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kuubana, asidi ya traneksamiki inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke, maji ya dripu, kukagua njia ya uzazi na kuita msaada. Zamani tulikuwa tunajaribu moja, tunangoja, tunajaribu la pili, na kila kungoja ni damu inayokwenda.

Matokeo: waliotokwa na damu wakatambuliwa mara 93 kati ya 100. Tiba kamili ikawafikia 91 kati ya 100, wakati kule kwingine iliwafikia 19. Na wale waliofikia hatua mbaya, yaani kupoteza lita moja na zaidi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, au kufa kwa damu, wakashuka kutoka asilimia 4.3 hadi asilimia 1.6. Hapakuwa na dawa hata moja mpya. Asidi ya traneksamiki iligunduliwa Japani mwaka 1962 na Bi. Utako Okamoto na mumewe Shosuke. Mwaka 2017 utafiti wa wanawake 20,060 katika nchi 21, nasi tukiwamo, ukaonyesha kwamba ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua inapunguza vifo vya kuvuja damu kwa karibu theluthi moja. Dawa ilikuwapo. Tulichokosa ni kujua mapema nani anaihitaji.

Mheshimiwa, hapa ndipo ninapofikia kilichonifanya niandike. Wanawake waliolala kwenye vile vitanda na damu yao ikapimwa walikuwa Watanzania, Wakenya, Wanigeria na Waafrika Kusini. Waliokesha wakisoma mistari walikuwa wakunga kama mimi. Kati ya walioongoza kazi hiyo upande wetu yumo Daktari Fadhlun Alwy Al-beity wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Na Oktoba 2025, Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya wa damu baada ya kujifungua, linasema tusingoje tena mililita 500 ikiwa dalili nyingine zipo, tuanze kwenye 300. Dunia nzima inafundishwa kwa kile kilichotoka leba zetu. Lakini mimi, kwenye kituo changu, sijawahi kuushika mfuko huo kwa mkono wangu.

Hospitali zilizoshiriki zilikuwa za ngazi ya rufaa ya kwanza, zenye chumba cha upasuaji na daktari wa kuitwa. Mama wa kwetu anajifungulia zahanati au kituo cha afya. Huko ndiko damu inakoanza kumwagika, na huko ndiko dakika zinakokwisha. Mfuko huo una faida zaidi mahali ambapo daktari yuko mbali, kwa sababu unampa mkunga ushahidi wa kuita gari mapema. Ninajua Serikali imeweka mfumo wa M-mama, unapiga 115 na usafiri unatafutwa, na nimeutumia, na umeniokolea wazazi. Lakini namba hiyo inapigwa na mtu aliyekwisha kutambua kuna hatari. Usiku ule wa 2014 hata kama ningekuwa nayo, ningeipiga nikiwa nimechelewa.

Na kuna jambo la friji. Oksitosini inataka baridi, nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika siku mbili na dawa ikabaki humo humo, kichupa kinaonekana kilekile, maji ni yaleyale, na hakuna mkunga anayeweza kuijua nguvu yake kwa kuitazama. Mwaka 2018 utafiti wa wanawake karibu 30,000 katika nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionyesha kwamba kabitosini, dawa ya kazi hiyo hiyo iliyotengenezwa isiharibike kwa joto, inazuia kuvuja damu sawa na oksitosini. Ninaomba Bohari ya Dawa iipeleke hiyo kwanza kwenye zahanati zenye umeme wa mashaka, kabla ya nyingine.

Sitaki uone kama nimekuja kulaumu tu. Taarifa ya afya ya mwaka 2015-16 ilisema wanawake 556 hufa kwa uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ya mwaka 2022 ilisema 104. Mwaka 2025 Rais wetu akatunukiwa tuzo kwa ajili ya hilo, na sisi wakunga tulifurahi, maana tulijua nani alikuwa anasukuma machela. Ila waliobaki ndani ya hiyo 104 ni wagumu zaidi kuwaokoa kuliko wale waliotangulia. Hawatapungua kwa majengo mapya peke yake. Watapungua kwa kuwahi.

Niseme sasa juu ya presha ya mimba, ambayo ndiyo inayonitisha zaidi hata ya damu, kwa sababu damu angalau inaonekana. Kifafa cha mimba nimekiona kwa msichana wa miaka 18, mimba ya kwanza, mikono imevimba pete haivuki kidole, ameletwa na baba yake kwa baiskeli. Nyumbani walisema ni degedege la mashetani. Tulimpa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa hicho, akapona, mtoto hakupona.

Kwa lugha ya kawaida, watafiti wamefika hapa: ugonjwa unaanza kwenye kondo. Mizizi yake haizami vizuri kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, kondo linakosa damu ya kutosha, nalo linamwaga kwenye mwili wa mama protini zinazoharibu mishipa yake ya damu, ndipo figo, ini na ubongo vinapougua. Ndiyo maana tiba ya mwisho ni kumtoa mtoto na kondo. Na ndiyo maana kinga inatakiwa ianze mapema, kabla mama hajavimba.

Moja ya kinga hizo ni kalsiamu. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kushauri kwamba wajawazito wa sehemu ambazo chakula kina kalsiamu haba wapewe gramu moja na nusu hadi mbili kwa siku. Hiyo ni vidonge vikubwa vitatu au vinne kila siku, kwa miezi mingi, na havinywewi pamoja na vidonge vya kuongeza damu kwa sababu vinazuiana tumboni. Waliopanga mipango wakaona mzigo ni mkubwa na gharama ni kubwa, jambo likakaa kwenye makabati. Ndipo watafiti wa hapa nyumbani, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Harvard na wenzao wa Bangalore kule India, wakauliza swali ambalo mama yeyote wa sokoni angeliuliza: je, kidogo hakitoshi?

Wakawaandikisha wanawake 11,000 Dar es Salaam na wengine 11,000 India, wote wa mimba ya kwanza. Nusu wakapata miligramu 1,500 kwa siku, nusu wakapata 500. Majibu yakatoka Januari 2024. Dar es Salaam, waliopata kipimo kidogo waliougua presha ya mimba walikuwa asilimia 3.0, na waliopata kikubwa asilimia 2.7. Kwa vipimo vya kitakwimu walivyojiwekea, kidogo hakikuwa nyuma ya kikubwa. Waliozaa kabla ya wakati nao walikaribiana kwa Dar es Salaam, asilimia 10.4 kwa 9.7, ingawa kwa hilo kipimo cha kitakwimu walichojiwekea hakikufikiwa. Maana yake kidonge kimoja, kwa siku moja, kwa mwanamke mmoja. Mzigo uliokuwa unatushinda umepungua mara tatu.

Mheshimiwa, wanawake 11,000 wa Dar es Salaam ni wengi. Jaza daladala na vidonge vyao uone. Walibeba mimba zao za kwanza, wakakubali kutolewa damu, wakameza vidonge vitatu kila siku bila kujua vipi ni vya kweli na vipi si vya kweli, wakarudi kliniki kila walipoitwa. Walifanya hivyo ili sisi tupate jibu. Jibu limepatikana. Na katika kliniki zote nilizofanya kazi, sijawahi kumpa mjamzito kidonge cha kalsiamu kutoka kwenye dirisha la dawa la Serikali. Namwambia ale dagaa na miiba yake, anywe maziwa. Wengi wao maziwa wanayakamua wenyewe, kisha yanauzwa mjini.

Aspirini ya dozi ndogo nayo ni hivyo hivyo, kwa aliyewahi kupata presha ya mimba au mwenye mimba ya mapacha, ikianzwa kabla ya wiki ya 20. Ni dawa ya bei ya pipi. Tatizo ni kwamba mama anakuja kliniki mimba ikiwa na miezi sita, na hilo najua si la Wizara peke yake.

Labda mtu atasema kutoa utafiti kwenye karatasi hadi zahanati ni kazi ya miaka kumi. Si kweli, na ushahidi uko Mwanza. Mabinti 930 wa Mwanza, wenye miaka 9 hadi 14, waliingia kwenye utafiti wa DoRIS kuangalia kama dozi moja ya chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, inatosha mahali pa mbili au tatu. Majibu yaliyotoka 2022 yalionyesha kwamba miaka miwili baada ya dozi moja, karibu wote bado walikuwa na kinga mwilini. Mwaka huo huo Kenya, kwa wasichana 2,275, wakaona dozi moja inazuia maambukizi ya aina mbili hatari zaidi kwa asilimia 97.5. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja. Aprili 2024 Tanzania ikahamia dozi moja na kuwafikia mabinti wa miaka 9 hadi 14. Mimi mwenyewe nilichanja shuleni, chini ya mwembe, foleni hadi mchana. Binti wa Mwanza alinyoosha mkono kwa utafiti, na ndani ya miaka miwili ya majibu mdogo wake akachanjwa kwa sababu yake. Nchi ambayo saratani ya mlango wa kizazi inawapata wanawake zaidi ya 10,000 kila mwaka ilikuwa na haki ya kukimbia namna hiyo. Basi mlijua njia. Ninachoomba ni mfuko wa kupimia damu na kidonge cha kalsiamu vipite njia ile ile.

Hapa naomba nikae kidogo kwenye jambo linalosemwa kwa sauti ya chini.

Alikuja kwangu mwanamke wa miaka 27. Anatokwa na uchafu, anatoka damu baada ya tendo la ndoa, tumbo la chini linauma, na alikaa kwenye ndoa miaka sita bila mtoto. Alikuwa ametibiwa magonjwa ya zinaa mara nne, sehemu mbalimbali, dawa zile zile. Kila akirudi nyumbani na dawa za zinaa, mume alizidi kuamini ana mwanamume nje. Mara ya tano alikuja akiwa ameshaachwa. Mimi pia nilitaka kumwandikia zile dawa. Kalamu ilikuwa mkononi. Akasema tu, katika kusimulia, kwamba tangu mtoto alikuwa anapanda mpunga kwenye majaruba, maji magotini, na kuchota maji lambo moja na ng'ombe. Nikampeleka kwa daktari niliyemjua. Alipomtazama kwenye mlango wa kizazi aliona mabaka ya manjano kama chembe za mchanga. Ilikuwa kichocho.

Kichocho kwetu tunakijua kama ugonjwa wa wavulana wanaokojoa damu. Lakini mayai ya mdudu yule hukwama pia kwenye kizazi cha mwanamke, kwenye mlango wake, kwenye mirija, na kusababisha vidonda, ugumba, mimba kutunga nje na mimba kuharibika. Inakadiriwa wanawake na wasichana milioni 56 barani Afrika wanacho. Sikufundishwa hilo chuoni. Watafiti, wakiwamo waliofanya kazi hapa Mwanza, wamechunguza kama vidonda hivyo vinafungulia VVU mlango, na majibu bado hayajawa mamoja. Zambia wamejaribu wanawake kujichukulia sampuli wenyewe nyumbani, bila kupanda kitandani mbele ya mtu, na wengi wakakubali. Dawa ni prazikwanteli, ile ile tunayowapa wanafunzi.

Na hapo ndipo kidonda kilipo. Prazikwanteli tunagawa shuleni. Binti aliyeacha shule akaolewa hapati. Mama anayepanda mpunga hapati. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba sehemu zenye maambukizi ya asilimia 10 na zaidi, dawa itolewe kwa jamii nzima kuanzia miaka miwili, watu wazima wakiwamo, na wajawazito waliovuka miezi mitatu ya kwanza. Kwetu miaka mingi tulimnyima mjamzito kwa hofu. Ninaomba mwongozo huo uteremke hadi kwa mhudumu wa ngazi ya jamii anayebeba kile kijiti cha kupimia urefu na ndoo ya vidonge. Na ninaomba jambo jingine lisilo na gharama kubwa: tunapowapima akina mama saratani ya mlango wa kizazi kwa siki, kifaa kimeshaingia, taa imeshawashwa, mkunga anatazama. Afundishwe kutambua na yale mabaka. Picha mbili ukutani zinatosha kuanzia.

Nilipomwambia yule mwanamke kwamba ni kichocho, si zinaa, alilia kwa muda mrefu, kisha akaniomba nimwandikie hivyo kwenye cheti, kwa herufi kubwa, ampelekee mama yake.

Kuna na hili la chango. Akina mama zetu wanaita chango la kike: maumivu ya hedhi yanayomlaza binti siku tatu, asiende shule, asiinue ndoo. Tunampa mizizi, tunamwambia akizaa litaisha. Baadhi yao wana endometriosisi, ugonjwa ambapo utando kama ule wa ndani ya mfuko wa uzazi unaota nje yake na kuvuja ndani ya tumbo kila mwezi. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke mmoja kati ya kumi wa umri wa kuzaa anao. Vitabu vya zamani viliandika kwamba ni ugonjwa wa wanawake wa kizungu, na mwanafunzi aliyesoma hivyo hawezi kuutafuta kwa msichana wa Magu. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti mkubwa wa vinasaba vya ugonjwa huu, wagonjwa 60,674, ukapata sehemu 42 za urithi zinazohusika. Wagonjwa hao walikuwa wa asili ya Ulaya na Asia ya Mashariki. Sisi hatumo. Kwenye damu ya uzazi tulishiriki tukasahauliwa wakati wa kugawa. Kwenye chango hatukuitwa kabisa. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu inaweza kuanza na swali dogo, wasichana wangapi wa Tanzania wanaugua hivi na wanachukua miaka mingapi kuambiwa jina la ugonjwa wao. Mwongozo wa Ulaya wa 2022 umeshasema si lazima kumpasua mtu ili aanze kutibiwa, kwa hiyo hata wilaya isiyo na mashine za kuchungulia tumboni ina la kufanya.

Hata utafiti uliokosa una cha kutufundisha, nisiusahau. WOMAN-2 uliwapa asidi ya traneksamiki wanawake 15,068 wenye upungufu wa damu wa Pakistan, Nigeria, Zambia na Tanzania, kabla hawajaanza kuvuja, ili kuona kama itazuia. Haikuzuia. Lakini takwimu zake zilionyesha jinsi mama anayeingia leba akiwa na damu pungufu sana anavyokaribia kufa kwa kiasi cha damu ambacho mwingine angestahimili. Hana akiba. Kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu vikikosekana kliniki kwa miezi miwili, kifo cha leba kimeanza kuandikwa huko dirishani.

Ninachokuomba, Mheshimiwa, ni tarehe. Mfuko wa kupimia damu utafika lini kwenye vituo vya afya na zahanati zinazozalisha, na utaingia kwenye orodha ya Bohari ya Dawa kwa jina gani ili mganga mfawidhi aweze kuuagiza. Kalsiamu ya miligramu 500 itaanza lini kutolewa kliniki. Hizo ni tarehe ambazo unaweza kuzisema bungeni wakati wa bajeti yako, na sisi tukazibandika ukutani.

Na jingine, ambalo halihitaji fungu. Kila utafiti unaofanyika kwa akina mama wa nchi hii hupewa kibali. Kibali kiwe na sharti kwamba majibu yatarudishwa kwa walioshiriki, kwa Kiswahili, kwa mdomo, kwenye kliniki zile zile walizoitwa. Tuna elimu ya afya kila asubuhi kabla ya kuanza kupima uzito; wanawake wamekaa kwenye mabenchi, wanasikiliza. Nitasimama mimi mwenyewe niwasomee. Nimewahi kumuuliza mama aliyeshiriki utafiti mmoja kama aliambiwa walichogundua. Akasema, “Walinipa sabuni na nauli.” Hakulalamika. Alidhani ndiyo mwisho wake.

Zamu yangu inayofuata ni ya usiku. Mfuko wenye mistari bado hatuna, kwa hiyo khanga tutazipima kwenye mizani ya watoto, kama ninavyofanya tangu 2014.

Wako katika kazi,

Mkunga, Kanda ya Ziwa